Mguu Usioitika

Ukitaka kumkasirisha Bi Barafu asubuhi na mapema, mwambie mguu wako umeteguka jana nawe ukaukanda kwa maji ya moto. Hapo utasikia. Atakuuliza kama wewe ni mtu au ni kuku wa kunyonyolewa, atakuuliza nani kakupa shauri hilo na anaishi wapi, kisha atafungua friji yake kuukuu inayonguruma sebuleni, atoe barafu, aifunge kwenye kitambaa na kukubandikia huku bado anafoka. Jirani yake mshona nguo alisema kufoka ni sehemu ya dawa, na kwamba aliyetoka pale bila kufokewa ajihesabu hajatibiwa.

Jina la Barafu lilitoka huko, wala halikumuudhi. Kilichomuudhi ni watu kumwita daktari, maana alijijua. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa mfagizi wa chumba cha mazoezi ya viungo katika hospitali kubwa, chumba kirefu chenye vitanda sita, vyuma vya kushikilia ukutani na mipira mikubwa ya kukalia. Alipiga deki chini ya vile vitanda mara tatu kwa siku, na mtu anayepiga deki hakuna anayemwona. Wagonjwa walilia, walitukana, walisimulia walivyoanguka. Daktari wa mazoezi, mwanamke mfupi asiye na haraka hata kidogo, alibonyeza hapa na kuvuta pale akiwafundisha wanafunzi wake, na Bi Barafu aliyekuwa ameinama na tambara lake aliyasikia yote akayatia kichwani. Siku ya kustaafu aliondoka na cheti, seti ya vikombe sita, na kichwa kilichojaa mikono na miguu ya watu.

Mtaani hawakumwachia nafasi ya kupumzika. Mshona nguo alikuja na kifundo cha mkono, upande wa dole gumba, akiapa mfupa umeota. Bi Barafu akamwambia afiche dole gumba ndani ya ngumi, kisha akaiinamisha ile ngumi kuelekea upande wa kidole cha mwisho, na mwanamke wa watu akaruka kwenye kiti. Mfupa hauna habari yoyote, akaambiwa; hiyo ni mishipa ya dole gumba iliyochoka na mkasi, ipumzishe. Fundi vigae, anayeshinda kutwa nzima amepiga magoti, alikuja na uvimbe laini juu ya goti, unaobonyea kama puto la maji. Alifokewa, akaambiwa atafute mto wa kupigia magoti, na pakipata moto naye akishikwa na homa asirudi pale bali akimbilie hospitali. Mwalimu wa michezo alichanika msuli wa nyuma ya paja, na siku ya tatu alipoona weusi umeteremka mpaka chini ya goti akaja akitetemeka, anadhani mguu unaoza. Bi Barafu alicheka mpaka akashika ubavu. Damu iliyovuja inashuka tu, alimwambia, kama maji yanavyoshuka, itafyonzwa na itapotea. Lakini mtu akija na kiungo kimepinda, au hawezi kupiga hata hatua nne, hamgusi. Anamwita dereva wa jirani, anamwambia hilo si langu, peleka hospitali, na hapo hafoki kabisa.

Alikuwa na sharti moja aliloliiba kwa yule daktari mfupi. Mtu akifungua mdomo kueleza ilikuwaje, alimnyamazisha. Mkono kwanza, mdomo baadaye. Daktari alikuwa akiwaambia wanafunzi wake kwamba mgonjwa akikusimulia kabla hujagusa, utagusa na kukuta kile kile alichokusimulia. Bi Barafu alilishika sharti hilo kwa majirani, kwa wapita njia, hata kwa fundi bomba aliyekuja kuziba mfereji tu na kiwiko chake kikauma. Alilivunja mara moja. Na alilivunja kwa mwanawe wa kuzaa mwenyewe, ndiyo maana nakusimulia.

Alikuwa na wana wawili wa kiume. Mkubwa, mwenye miaka arobaini na mmoja, mtaa mzima ulimwita Fundi, kwa sababu karakana ya useremala ilikuwa yake na kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akikata ubao kabla ya kuupima mara tatu. Si mara mbili, mara tatu, hata ubao wa kutupa. Mdogo alimfuata kwa miaka kumi na mitatu, na aliitwa Chapuchapu tangu alipokuwa akitambaa. Kaka yake akipima mara ya pili, yeye ameshakata. Walifanya kazi pamoja kwa miaka tisa, wakigombana kila siku na kula sahani moja kila siku. Chapuchapu alilala kwenye kijumba nyuma ya karakana, akilinda mbao. Fundi aliishi na mkewe nyumba mbili kutoka kwa mama yao.

Sasa, mwezi mmoja kabla ya mambo haya, walikuwa wakiingiza kitanda nyumbani kwa mteja, na Chapuchapu, kwa pupa yake, alisukuma kabla hajaambiwa. Tendegu likamgonga Fundi kwenye ugoko, ngozi ikachubuka, damu ikatoka. Hilo lilikuwa kosa lake, alikiri, akaomba radhi, na kaka mtu akamwambia iko siku utaniua. Waliokuwepo wote walisikia. Kumbuka hilo.

Siku ya Jumatano walipeleka kabati la nguo kwa mwalimu mmoja wa hisabati, ghorofa ya tatu, ngazi nyembamba zinazokunja. Fundi alitangulia, uso juu, ameshika kabati kwa nyuma yake, maana kupanda ngazi kinyumenyume hakupendi. Chapuchapu alibeba chini, kabati limemziba uso. Walipofika kwenye kona ya pili Fundi alikanyaga ngazi kwa ncha ya mguu wa kulia, akajisukuma kupanda, na hapo hapo akahisi kitu kimempiga nyuma ya kisigino. Akaachia. Kabati likateleza, kioo chake kikapasuka, pembe ikamegeka, na Chapuchapu akalizuia kwa kifua lisimpeleke mpaka chini. Fundi alikuwa ameketi kwenye ngazi, ameshika mguu, na neno lake la kwanza lilikuwa kwamba umenigonga tena.

Chapuchapu aliapa hakugonga. Nani angemsikiliza? Mwalimu aliyetoka mlangoni alimwona mmoja ameumia na mwingine yuko nyuma na kabati. Hata wewe na mimi tungesema hivyo hivyo.

Alimbeba kaka yake mgongoni mpaka kwa mama yao, na njia nzima kaka mtu alikuwa akimsema sikioni. Walipoingia sebuleni, Bi Barafu aliona mwanawe mkubwa amebebwa, moyo ukamlipuka. Kabla hajafika hata kumshika, Fundi alishamwambia yote: huyu, kabati, kisigino, tena. Na yule mwanamke asiyemruhusu mtu kueleza, aliyemnyamazisha fundi bomba, alisimama pale akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akamgeukia Chapuchapu akampa vidonge vyake. Alimwambia maneno ambayo mama humwambia mwana anapokuwa ameogopa, kwamba pupa yake itawazika watu, kwamba kama hana macho akae nyumbani.

Mguu? Aliuwekea barafu juu ya soksi, akaufunga bandeji, akasema nyama imepondeka, damu imevilia ndani, apumzike siku chache. Fundi aliweza kusimama, akipepesuka kidogo. Aliweza kuinua na kushusha wayo akiwa ameketi. Mfupa mzima, basi, mambo yamekwisha. Jioni ile Fundi alimwambia mdogo wake, mbele ya mama yao, kwamba achukue vyombo vyake karakanani. Hatabeba tena kitu na mtu asiyeweza kumpa mgongo. Kwa wabebaji wa samani hakuna tusi zito kuliko hilo, kwa sababu kazi yenyewe ni kumpa mwenzako mgongo bila woga na kupanda.

Chapuchapu alihamia kwenye kochi la mama yake na begi moja na sanduku la randa na patasi. Siku ya kwanza alikataa. Siku ya pili alikataa, lakini kwa sauti ndogo. Siku ya tatu hakukataa tena, alikaa tu. Mama yake alimpa chakula bila kumtazama usoni, maana bado alikuwa na hasira, na hasira ya Bi Barafu haikuwa ya kuyeyuka upesi licha ya jina lake.

Jumatatu alasiri, siku ya sita, alikuwa akipiga deki sebule. Chapuchapu alinyanyua miguu juu ya kochi ili apitishe tambara, kisha akamwambia amepata kazi kwenye karakana ya mji mwingine, anaondoka kesho asubuhi. Bi Barafu aliendelea kusugua. Moyoni alihisi kitu kimemchoma, lakini aliendelea kusugua, akasema sawa, kila mtu na riziki yake.

"Mama," alisema Chapuchapu, "nadhani nilimgonga kweli."

Tambara lilisimama.

"Nimeliwaza mpaka silijui tena. Kila nikifumba macho najiona sijagusa. Lakini watu wote wanasema niligusa, na mwezi uliopita niligusa. Basi itakuwa niligusa."

Alilisema bila uchungu, kama mtu anayekubali kwamba yeye ni mfupi. Na hapo ndipo Bi Barafu alipoumia. Mtoto huyu alijulikana kwa ubishi. Alibishana na mvua. Kumsikia akijitoa kosani na kujirudisha humo mwenyewe, kwa sababu ya wingi wa watu tu, kulimfanya aketi chini sakafuni pale penye maji. Akamwambia amweleze upya, polepole, kitu baada ya kitu, asiruke.

Chapuchapu alieleza. Kona ya pili, kabati limemziba uso, anasubiri kaka yake apande ndipo na yeye apande, maana tangu kile kitanda alikuwa amejifunza kusubiri.

"Kwanza nikasikia mlio," alisema. "Pa. Nikadhani ubao wa chini umepasuka. Halafu kaka akageuka akanitazama kwa pembeni ya kabati, amekasirika. Halafu ndipo akaachia."

"Mlio ulikuja kabla hajaachia?"

"Kabla. Na alipogeuka alikuwa na uso wa mtu aliyepigwa teke."

 Bi Barafu alikuwa amerudi kimawazo chini ya kitanda cha nne, miaka mingi nyuma, na juu ya kitanda hicho alilala karani mmoja mnene aliyekuwa akicheza mpira na wenzake wa ofisini. Karani aligoma kutibiwa mpaka kwanza liandikwe jina la mtu aliyempiga teke kwa nyuma. Wenzake wakasema hakukuwa na mtu nyuma yake, alikuwa anakimbia peke yake. Na daktari mfupi hakucheka. Aliwaambia wanafunzi wake wamsikilize vizuri, kwa sababu hivyo ndivyo mshipa mnene wa nyuma ya kisigino unavyosema unapokatika: unalia pa, na mwenyewe anageuka kutafuta aliyempiga. Baada yake walikuja wengine, mwaka hadi mwaka. Mmoja alimlaumu mkewe, mwingine alisema ni jiwe. Wote waliokuja na mguu ule walikuja na mtu wa kumlaumu. Bi Barafu aliyajua hayo kama anavyojua jina lake, na kwa siku sita yalikuwa kichwani mwake yamekaa kimya, kwa sababu hakuyauliza.

Aliinuka, gauni limelowa nyuma, akamwambia mwanawe avae viatu.

Mke wa Fundi aliwafungulia. Alikuwa mwanamke mpole asiyependa kuingilia mambo ya ndugu, lakini siku hiyo alimvuta mama mkwe pembeni kabla hajaingia. Alimwambia mume wake anasema amepona, maumivu yameisha, kesho anarudi kazini. Lakini mimi naona anatembea vibaya, mama, alinong'ona, anatembea bapa, kama anaburuta kandambili ya mtu mwingine. Jana alitaka kushusha sanduku juu ya kabati, akashindwa kujiinua kwa vidole, akajifanya hakulitaka.

Fundi alikuwa ameketi chumbani kwenye kiti alichokitengeneza mwenyewe. Alipomwona Chapuchapu nyuma ya mama yao akasema yule asipite mlango wake. Chapuchapu akarudi akaketi kwenye kizingiti cha nje, mgongo kwao, akiyasikia yote ya ndani.

Bi Barafu alimwambia mwanawe alale kifudifudi, miguu ining'inie nje ya kitanda. Fundi akalalamika kwamba yeye ni baba wa watoto watatu. Akaambiwa hata baba wa watoto watatu ana visigino. Alipoanza kueleza tena jinsi alivyogongwa, mama yake alimnyamazisha, kwa sauti ile ile anayomnyamazishia fundi bomba, na mke wa Fundi akainamisha uso kuficha kicheko.

Alifungua bandeji. Akavua soksi. Pembeni mwa kisigino palikuwa na weusi uliokwisha kuwa kijani, lakini nyuma, pale hasa kabati lilipodaiwa kugonga, ngozi ilikuwa safi. Hakukuwa na mchubuko. Hakukuwa na mkwaruzo. Kabati la mbao ngumu, ukingo wake umerandwa na Fundi mwenyewe ukanyooka, halikuacha hata alama ya ukucha. Bi Barafu alipitisha dole gumba kwenye mguu wa kushoto, juu ya kisigino, akahisi ule mshipa umesimama imara kama kamba iliyovutwa. Alipolipitisha kwenye mguu wa kulia, dole likaenda, likaenda, likatumbukia. Palikuwa na bonde la upana wa vidole viwili.

"Ukitaka kuona, tazama pale," alisema, akamwonyesha mwanawe meza ya kujipambia ya mkewe, yenye kioo kilichoelekea kitanda. Fundi aligeuza shingo.

Mama alishika nyama ya mguu wa kushoto, chini kidogo ya goti, akaifinya. Wayo ukainama, kama mtu anayesema ndiyo. Akaachia, ukarudi. Kisha akashika nyama ya mguu wa kulia akaifinya vile vile. Wayo ukaning'inia. Haukusema ndiyo wala haukusema siyo, ulikaa tu kama kiatu kilichotundikwa.

"Rudia," alisema Fundi.

Akarudia. Kushoto ukaitika, kulia kimya.

"Rudia."

Alimzaa yeye, alijua itakuwa mara tatu. Akarudia mara ya tatu, polepole, na chumba kizima kikatazama kwenye kioo. Kushoto ukaitika. Kulia kimya.

"Nyama ya mguu inavuta huku juu, lakini kamba inayoufikia wayo imekatika," alisema Bi Barafu. "Ilikatika pale ngazini, ulipojisukuma. Kutembea unaweza, kwa sababu mishipa mingine inakusaidia, na maumivu yanaondoka mapema, ndiyo maana watu wanadanganyika. Kujiinua kwa vidole huwezi. Unahitaji hospitali leo, wala si kesho."

"Basi nani alinipiga?"

"Hakuna."

"Mama, nilihisi. Nilihisi kabisa."

"Najua ulihisi, mwanangu. Wote huhisi."

Fundi aliweka paji la uso kwenye mto. Bi Barafu angeweza kunyamaza hapo, akabaki na heshima yake, na hakuna ambaye angemuuliza. Lakini alipiga moyo konde. Akasema, kwa sauti ya kufika mpaka kizingitini, kwamba yeye ndiye mkosaji wa kwanza. Kwamba kila anayeingia mlangoni kwake humgusa kabla ya kumsikiliza, na mwanawe alimsikiliza asimguse. Kwamba siku sita ameutibu mdomo wa Fundi, mguu ameuacha, na mwanawe mwingine amelala kwenye kochi hajatazamwa usoni kwa kosa ambalo hakulitenda.  Mke wa Fundi alimpa kiti, akakikataa, kisha akakikalia.

 Kisha Fundi akasema, bado uso uko kwenye mto, mwambieni aingie.

Chapuchapu aliingia akasimama mlangoni, mikono haijui pa kukaa. Kaka mkubwa kumwomba radhi mdogo ni kazi nzito. Fundi alianza mara mbili na kuacha, na mara ya tatu akafaulu.

"Nimekukosea, mdogo wangu. Nilikugeukia wewe kwa sababu ulikuwa karibu."

"Mimi nilishaanza kukubali, kaka," alisema Chapuchapu. "Nilishajiona nakugonga."

Hilo lilimkata Fundi kuliko mguu. Alinyoosha mkono bila kugeuka, mdogo wake akaushika, na wakakaa hivyo mpaka Bi Barafu alipoona sasa wataharibu muda wote kwa kulia, akapangusa machozi yake mwenyewe na kuanza kufoka. Mguu usikanyage. Wayo ubaki umeinama chini hivyo hivyo. Gari liko wapi?

Gari la dereva jirani halikuweza kuingia kichochoroni, basi Chapuchapu alimbeba kaka yake mgongoni kwa mara ya pili. Siku ya kwanza alikuwa amekimbia. Siku hii alikwenda hatua kwa hatua, akisimama kwenye kila jiwe, mpaka Fundi aliyekuwa mgongoni akamwambia jamani wewe, kutakucha. Majirani walioshuhudia walisema hawajawahi kumwona Chapuchapu akitembea polepole, na wengine walidhani ni yeye aliyeumia.

Hospitalini daktari kijana aliulaza mguu, akaufinya, akautazama, akauliza nani aliyewatuma. Bi Barafu akasema mfagizi. Daktari akasema huyo mfagizi amempunguzia kazi. Mashine ya kupiga picha za ndani ikathibitisha. Siku ya sita si vibaya, aliwaambia, ncha mbili bado zinaweza kukutana zenyewe zikishikiliwa. Angekaa mwezi mzima akitembelea, ingekuwa hadithi nyingine na kisu kirefu. Mguu ukafungwa plasta wayo ukiwa umeinama kama wa mtu anayechungulia juu ya ukuta, baadaye kikaja kiatu kirefu cha kufunga, kisha mazoezi ya kila siku. Kazi ya kubeba mizigo isahau kwa miezi mingi, aliambiwa, na ukiharakisha utarudi hapa.

Nani angemfundisha mtu asiharakishe? Chapuchapu. Hakwenda mji mwingine. Aliwapigia wale wa karakana nyingine akawaomba radhi, akarudi kijumbani kwake, akaitunza kazi. Fundi alikaa kwenye kiti chake mlangoni mwa karakana, mguu juu ya kigoda, akitoa amri, na mdogo mtu akapima kila ubao mara tatu, mara ya tatu akimtazama kaka yake kwa jicho la kumchokoza. Plasta ilipotolewa, kila Jumatatu alasiri Bi Barafu alikuja kukagua. Fundi alilala kifudifudi kwenye meza ya kurandia, na mama hakufinya yeye. Alimwachia Chapuchapu afinye. Wiki nyingi zilipita mguu ukiwa mzito, unaitika kidogo kama mtu aliyeamshwa usingizini. Kisha Jumatatu moja uliinama wenyewe, sawasawa na mwenzake, na Chapuchapu akaufinya tena na tena mpaka kaka yake akamwambia inatosha, unaufanya wimbo.

Bi Barafu naye hakubadilika, ila kufoka kwake kuliongezeka sura moja. Akimaliza kumfokea mtu wa maji ya moto, alimweleza na kosa lake mwenyewe, lote, la soksi na bandeji na siku sita. Mshona nguo alisema sasa dawa imekuwa ndefu.

Mwezi wa nane tangu aumie, kwa ruhusa ya daktari, yule mwalimu wa hisabati aliagiza rafu ya vitabu. Ghorofa ya tatu, ngazi zile zile. Chini ya jengo walisimama wawili na rafu katikati, Bi Barafu pembeni, ambaye hakuna aliyemwalika. Chapuchapu alikwenda kushika upande wa chini, kama kawaida yake. Fundi akamshika bega akamsogeza.

"Tangulia wewe," alisema. "Mimi nitakuwa nyuma yako."

Chapuchapu alimtazama kidogo, kisha akageuka, akashika rafu kwa nyuma, akampa kaka yake mgongo. Wakaanza kupanda. Kwenye kona ya pili walisimama kupumzika, na Fundi, uso umezibwa na mbao, akasema kwa sauti ya kawaida tu, "Ukihisi mtu amekupiga teke, sema ni mimi. Nitakubali."

Cheko la Chapuchapu lilijaa ngazi nzima mpaka mwalimu akafungua mlango juu. Chini, Bi Barafu alisubiri mpaka aliposikia hatua zimeanza tena, ndipo akaenda nyumbani kutazama barafu yake.